Kidole Kikauke Namna Gani

Kidole chenyewe kilikuwa cha mukono wa kuume, kile kinachofuata gumba, na kilichomwa na kambale. Nasema hili mwanzoni kwa sababu sokoni wengine walisema ni sindano ya mashini, na wengine walisema ni mutu. Ilikuwa kambale. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa na homa siku ile, nikamutengeneza yule samaki mimi mwenyewe, na mimi sikuzoea. Mushonaji anayekaa kando ya ziwa anakula samaki kila siku lakini hamujui samaki. Mwiba wa pembeni uliingia kwenye kiungo cha katikati, na ncha ikabaki ndani.

Tulikuwa tumevuka kutoka upande wa Kongo mwaka vita vilipoanza tena: mimi, bibi, watoto wetu, na kichwa cha mashini kimefungwa ndani ya blanketi. Miguu ya mashini ilibaki kule. Pale Nchelenge, upande wa Zambia, seremala mumoja alinitengenezea miguu mingine ya mbao, nikapata kibaraza karibu na soko la samaki, nikaanza. Kazi ilikuwepo. Wanawake wa Zambia walisema watu wa Kongo wanajua kushona, na mimi sikubisha, ingawa nawajua watu wengi wa Kongo wasiojua.

Nieleze juu ya kidole hicho, kwa sababu bila hilo mambo mengine yataonekana ya kitoto. Katika kukata nguo, gumba linaingia kwenye tundu moja la makasi, vidole vingine vinaingia kwenye tundu la pili, na kidole hicho kinalala mbele na kuyaambia makasi yaende wapi. Kushona, hata mutu aliyejifunza juzi anaweza. Kukata ndiko kunakomufanya mutu awe fundi. Asiyekata anabaki kutia viraka na kubadili zipu. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja.

Mwanzo nilitia kidole kwenye maji ya moto na chumvi. Halafu nikaenda kwa mutu aliyekuwa akidunga watu sindano nyuma ya soko. Wengine wanamulaumu, lakini mimi sitaki kumusema vibaya: alidunga vizuri, sikusikia uchungu, na aliniambia nirudi. Mimi sikurudi, kwa sababu ilikuwa karibu na sikukuu na nguo za watu zilikuwa nyingi. Kidole kikavimba mpaka ngozi ikang'aa, kisha kikapasuka chenyewe, na harufu yake ikawa ya kitu kilichokufa. Bibi yangu alisema kama siendi hospitali yeye anahama nyumba. Nikaenda.

Hospitalini walifungua, wakaosha, wakatoa ile ncha, wakanilaza. Walipiga picha ya mifupa. Sista wa wodi yetu aliinua picha kwenye dirisha nione. Alikuwa mwanamuke wa palepale ziwani, anasema Kibemba nyumbani, lakini Kiswahili alikipata kwa mama yake aliyekuwa akiuza samaki kwa watu wa Kongo, kwa hiyo alijua vizuri zaidi maneno ya kubishana. Pale kwenye kiungo mufupa ulikuwa umeliwa kama muhogo ulioingiwa na panya. Sista akasema tumungoje munganga wa kupasua. Huyo hakukaa pale, alikuwa akizunguka hospitali nyingi na kufika kwetu mara moja moja.

Alipofika nilishangaa kwamba ni kijana kuliko mimi. Alikuwa mutu wa kusini ya Zambia, kwa hiyo Kibemba alikijifunza kazini kama mimi nilivyokijifunza sokoni, na tuliongea hicho, kila mumoja na makosa yake. Pindo la suruali yake lilikuwa limefunguka nyuma, mguu wa kushoto. Wakati anaeleza mambo ya mufupa wangu, mimi nilikuwa naangalia lile pindo. Siwezi kujisifu kwamba nilisikiliza vizuri.

Alieleza njia mbili. Ya kwanza, kukata kidole chote pale kinapoanzia. Kidonda kitafunga upesi na nitarudi nyumbani. Ya pili, kungoja usaha uishe kabisa, kisha kufungua, kuondoa mufupa uliooza na kuunganisha uliobaki. Kidole kitakuwepo lakini hakitakunjika tena pale katikati. Itachukua muda murefu, na ubaya unaweza kurudi na kushuka mpaka kwenye kiganja. Halafu akaniuliza: “Wewe unataka nini?”

Hakuna mutu wa hospitali aliyewahi kuniuliza hivyo. Kwa hiyo nilifikiri kwa njia ninayoijua. Muteja akija na kitambaa, mimi kwanza naangalia kitambaa, naamua moyoni kitatosha mutindo gani, halafu namuonyesha mitindo miwili na kumuuliza anataka upi. Ule ninaoutaka mimi, ndio naanza nao. Muteja mwenye akili anasikia, anachagua wa kwanza, na wote tunafurahi. Niliona munganga naye ameanza na kukata. Nikaona ananiuliza kwa heshima tu.

“Tukate, mukwai,” nikasema, kwa neno la heshima la Kibemba.

Akanitazama kidogo, akasema sawa, akaandika. Nilifurahi kwamba nimejibu vizuri.

Jioni bibi yangu alikuja na kaka yake mukubwa. Huyo bukwe wangu alikuwa mufanyabiashara wa samaki wakavu, anawanunua kwenye visiwa vya ziwa letu, Kilwa na Chisenga, na kuwapeleka mujini, na alikuwa na sauti ya mutu aliyezoea kusema juu ya injini ya boti. Kwetu mutu hakatwi kama ndugu zake hawajasikia. Hata jipu kubwa lina kikao chake. Niliwaeleza kwamba imekwisha kuamuliwa, ni asubuhi.

Bibi yangu akauliza: “Ni wewe njo ulimuambia akate?”

“Njo yeye alitaka.”

“Alisema anataka?”

“Alianza na kukata.”

Bukwe wangu ndiye aliyesema. Alisema kukata kwenyewe si kubaya, yeye anajua wavuvi wenye vidole vichache na wanakula vizuri. Kilichomuchukiza ni kuulizwa. “Munganga mwenye kuuliza mugonjwa, ule hajue kazi,” akasema. “Minapanda boti, mwenye boti anageuka, anasema: papa, tupite wapi? Bukwe, mi minashuka.” Alitaka tutafute munganga mwingine ambaye haulizi. Wagonjwa wa vitanda vya karibu walikubaliana naye, na mumoja alisema babu yake alipasuliwa na muzungu ambaye hakufungua kinywa hata mara moja, na akapona. Lazima niseme maneno yale yalikuwa na maana. Sote tulikuwa tumezoea kwamba anayejua hunyamaza.

Bibi yangu hakubishana nao. Alitoka, akamutafuta sista, na wawili wakamufuata munganga mpaka pale anapokunywa chai. Nilichosikia baadaye ni kwamba alimuuliza, bila salamu ndefu, kwa nini anataka kidole cha mume wake. Munganga akasema yeye hakitaki. Mume ndiye anayetaka kikatwe. Bibi yangu akasema mume hataki, munganga ndiye anayetaka. Walirudi pamoja mpaka kitandani kwangu, wanaonekana kama watu wawili waliouziwa mbuzi mumoja.

Munganga akaketi kwenye kitanda changu. Wodi nzima ilitugeukia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona munganga ameketi.

“Nani alitaka kukata?” akauliza.

Nikasema yeye alianza na kukata. Akasema alianza na kukata kwa sababu maelezo yake ni mafupi. Ikabidi nimueleze habari ya mitindo miwili na namna muteja anavyochagua wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi sishoni,” akasema.

Halafu naye akasema lake. Alifikiri watu wa Kongo wana haraka, leo wako hapa na kesho vita vikitulia wanarudi, na mutu wa namna hiyo hawezi kulala hospitali miezi. Niliposema tukate, aliona nimechagua njia ya mutu mwenye safari. Akaona vema asinibishie. Donki, kwa hiyo, mimi nilikuwa namufurahisha yeye, yeye ananifurahisha mimi, na kidole kilikuwa kinaenda kukatwa kwa adabu.

Akauliza tena, safari hii akitazama mukono wenyewe: kidole hiki kinafanya nini, kutoka asubuhi mpaka jioni? Nilianza na makasi, nikafika kwenye chaki ya kuchorea, kisha nikakwama. Sikujua. Mutu haangalii kidole chake kinafanya nini. Bibi yangu aliendelea kwa niaba yangu: kumega tonge la bukari, kushika sindano ya mukono, kusalimia, kufunga mukanda, kutoa macho ya samaki kichwani maana ninayapenda. Bukwe wangu akasema na kusonta watu pia, kumuelekezea mutu. Sista alitafsiri kila kitu bila kucheka, na munganga alikubali kwa kichwa kila kimoja.

Akasema hivi: kama tunakihifadhi, kiungo kile kitakauka katika umbo moja mpaka nife. Kikinyooka, kimenyooka. Kikikunjwa, kimekunjwa. Yeye anaweza kukikausha namna hii au namna hii, lakini hawezi kukaa kwenye mashini yangu wala kwenye sahani yangu. Atakaporudi usaha utakuwa umekwisha, na nitakuwa nimechagua. “Usiniletee maneno,” akasema. “Niletee umbo.”

Alipoondoka, bukwe wangu alisema: “Munaona? Sasa anatupatia kazi yake tumufanyie.”

Nilibaki hospitali kwa sindano na kuoshwa. Nyuma ya wodi palikuwa na kibanda ambapo ndugu wanapika, na ndiko tulikoshinda. Mimi kidole changu kilikuwa kwenye bandeji, sikuweza kujaribu kitu nacho. Bibi yangu akavunja kijiti cha ufagio, akachana vipande vya kitambaa kutoka kwenye mabaki yangu ya kushona, akajifunga kidole chake cha kuume, kimekunjwa sana kama ndoano. Akapika hivyo, akaosha sufuria hivyo. Wakati wa kula alisema ndoano inashika bukari vizuri sana, lakini kwenye mchuzi inaingia kabla ya vidole vingine na kuungua. Nilipomupa makasi, ndoano ilijaza tundu lote na gumba likakosa nguvu. Tukaifungua.

Kesho yake alijifunga kidole kimenyooka kabisa. Makasi yalikuwa mazuri. Kilimulalia sawasawa juu ya chuma. Kula ilikuwa kazi, kidole kinasimama pembeni kama mugeni asiyekaribishwa, lakini alikula akashiba. Mimi nilianza kupenda kile cha kunyooka, na nikaanza pia kuogopa kwamba nakipenda kwa sababu ni rahisi kukieleza.

Bukwe wangu alikikataa. Alisema kidole cha kunyooka ni kidole cha kusonta, na mutu anayesonta watu muchana kutwa ataishi na nani? Alinikumbusha pale boti zinapofika kutoka ng'ambo, namna watu wanavyoulizwa na askari nani ni nani, na anayesontwa kidole anaenda kukaa pembeni na mizigo yake mpaka jioni. Mutu wa Kongo mwenye kidole cha kusonta, katika miaka ile, alisema ni afadhali awe na jeraha lingine. Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliona ana haki.

Ili tumuamini, alijifunga yeye mwenyewe kimenyooka, akaenda ziwani kununua samaki. Alirudi na fungu kubwa la samaki wadogo aliokuwa hawataki. Alikuwa anaongea na mwanamuke muuzaji, anaeleza na mikono kama kawaida yake, kidole kikatua kwenye lile fungu, na mwanamuke akamufungia. Alipobisha, mwanamuke aliita wenzake, na wote walikuwa wameona kidole. “Mutu muzima unasonta, kiisha unakana?” ndivyo walivyomuambia. Alitusimulia haya bila kucheka na sisi hatukucheka mbele yake.

Baada ya hapo ndipo tukajaribu cha katikati: kimekunjwa kidogo, kama cha mutu anayeshika kikombe bila kukikaza. Makasi yalikubali, si kwa furaha lakini yalikubali. Bukari ilikubali. Sista alipita, bibi yangu akamusalimia kwa mukono, na sista hakusikia kitu cha ajabu mpaka alipotazama. Bukwe wangu naye alijifunga hivyo na kwenda sokoni, akarudi na kile alichokusudia. Hata mama mumoja aliyekuwa akimuuguza mutoto wake kitanda cha mbele alijifunga, akasema anataka kujua tu.

Siku munganga aliporudi alipitia kwenye kibanda, akakuta watu wazima watatu wanakula bukari kwenye sahani moja, kila mumoja amefungwa kidole kilekile kwa kijiti na kitambaa cha maua. Alisimama. Akamuuliza sista kama ugonjwa ule unaambukiza.

Nilikuwa nimekata umbo kwenye karatasi ngumu, kama ninavyokata mifano ya kola. Aliishika, akailinganisha na kidole cha bibi yangu, halafu cha bukwe wangu, halafu chake mwenyewe. Alisema iko karibu na ile aliyofundishwa, lakini yeye angeikunja kidogo zaidi kwa ajili ya nguvu. Nikasema makasi hayataki zaidi. Akasema basi punguza hapa. Nikapunguza kwa makasi, mukono wa kushoto, vibaya. Akaivaa tena juu ya kidole chake, akafunga na kufungua mukono. Akasema sawa, hii tumekubaliana. Aliitia mufukoni mwa koti.

Kisha akatuambia jambo ambalo bukwe wangu hakulipenda. Picha haionyeshi kila kitu. Akifungua na kukuta mufupa umeoza zaidi, umbo letu linaweza kukataa, na hapo atauliza tena, mulemule ndani. Nitakuwa macho, mukono peke yake ndio utalala.

“Atauliza nani?” bukwe wangu akasema. “Sisi tutakuwa inje.”

Munganga akasema atamuuliza mwenye kidole. Bukwe wangu akasema mutu aliyelala juu ya meza si mutu wa kuulizwa kitu peke yake. Wote wawili walisema kwa utulivu, na mimi niliwaona wote wawili kuwa na haki, jambo ambalo ni tabia yangu na limenisumbua sana maishani. Mwisho sista akasema ndugu wakae kwenye benchi ya mulango wa chumba cha kupasulia, na likitokea neno yeye atalipeleka. Munganga akafikiri, akakubali.

Walinidunga kwapani, na mukono ukawa wa mutu mwingine. Waliweka kitambaa cha kijani katikati nisione. Nilisikia chuma kinagusa chuma, na sauti kama ya mutu anayekwangua sufuria. Munganga alifanya kazi bila kusema, na nilifikiri bukwe wangu angemupenda sasa. Halafu sauti ya kukwangua ikasimama.

Alikuja upande wangu wa kitambaa, mikono ameiinua mbele ya kifua asiguse kitu. Alisema mufupa umeliwa kupita picha. Umbo letu lilihitaji waya mbili za kupita upande kwa upande, na hakuna tena mufupa mugumu wa kuzishika. Kilichobaki kinaweza kushikwa na waya moja, ya kwenda moja kwa moja katikati. Donki kidole kitakuwa kifupi, na kitanyooka kabisa. Au tukate.

“Ile ya karatasi haiwezekani,” akasema. “Samahani.”

Nikamuomba sista aulize inje.

Akaenda. Munganga alisimama palepale, mikono juu, anangoja. Mutu wa kusaidia alimuuliza kitu kwa Kiingereza na yeye akajibu kwa neno moja. Sijui tulingoja muda gani. Nilikuwa najaribu kukumbuka sauti ya makasi juu ya kitambaa kizito, na haikuja.

Sista akarudi, akasimama karibu na kichwa changu. “Bukwe yako anasema: akate, imalizike. Mutu aishi na batu bila kubasonta. Anasema yeye alijaribu, anajua.”

“Na bibi?”

“Bibi anasema alikula na kidole ya kunyooka, na hakukufa na njaa. Anasema batu bakiuliza, atabaeleza yeye. Lakini makasi yeye hajue. Anasema makasi, uulizwe wewe.”

Sitaki kusema uongo: nilimutazama munganga nione anataka nini. Alikuwa amefunikwa pua na mudomo, na macho peke yake hayakusema kitu. Nikamuuliza, kama angekuwa yeye angechagua lipi.

“Nikikuambia, utachukua hilo,” akasema.

Ilikuwa kweli. Ningelichukua hata kabla hajamaliza. Nililala pale nikitazama taa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mutu wa kukisia moyo wake. Bukwe alikwisha sema, bibi alikwisha sema, na munganga alikataa kusema. Nilifikiria siku ile bibi alipojifunga kijiti cha kunyooka na kidole kikalala juu ya chuma. Nilifikiria na boti zinazofika na watu wanaokaa pembeni. Mambo hayo mawili hayapimiki kwenye mizani moja, nilijaribu na hayakupimika. Basi nikachukua lile ninaloweza kulifanya, nikaacha lile ninaloliogopa.

“Nyoosha,” nikasema.

“Umesikia ya bukwe wako?”

“Nimesikia.”

Akarudi upande wake wa kitambaa.

Waya ilikaa ndani wiki nyingi, kichwa chake kinatokeza kwenye ncha ya kidole kama kichwa cha pini. Bukwe wangu hakukasirika, au kama alikasirika alikwenda kukasirika kulekule Chisenga. Alileta samaki kila alipopita. Kwa upande wake niseme kwamba aliyoyaogopa yalikuwepo. Hata na bandeji, kidole kilimusonta kila aliyekuja kunisalimia, na mama wa kitanda cha mbele alihamisha kiti chake. Bibi yangu aliwaeleza watu kama alivyoahidi, mpaka wengine wakaanza kumuomba asieleze tena.

Siku ya kutoa waya munganga aliivuta na koleo, ikatoka bila ugomvi. Akaniambia nifunge mukono. Vidole vitatu vikakunjwa, gumba likavifuata, na kile kikabaki inje, kifupi, cheupe, kimemusonta munganga kifuani. Nikamuambia pole. Akasema haina neno, lakini alisogea kidogo upande.

Sista alikuwa amenitafutia shuka lililochakaa la wodi, na mimi nilikuwa nimeleta makasi yangu. Bibi yangu alishika shuka upande mumoja juu ya meza na sista upande mwingine. Nikatia gumba, nikatia vidole vingine, na kile kidole nikakilaza juu ya chuma. Hakikuhisi chuma kama zamani. Kilikaa pale kama kitu kilichowekwa. Nikaanza kukata. Mwanzo mustari ulikwenda upande kama mulevi, bibi yangu akalivuta shuka kuusaidia, nikamuambia aache. Nikasimama, nikaanza tena mahali pengine. Safari hii mustari ulienda, ukapinda kidogo, ukanyooka, ukafika mwisho wa meza. Kola usingeweza kuikata hivyo. Shuka la mutoto ungeweza.

Munganga aliinua ule ukingo, akautazama karibu na dirisha kama vile sista alivyoitazama picha ya mifupa.

“Tulifanya vizuri?” akauliza.

Nilitaka kumuambia ndiyo, kwa sababu alikuwa mutu muzuri na amechoka, na neno hilo lilikuwa tayari mudomoni. Nikalirudisha. Nikamuambia sijui bado. Nikamuambia kama tungekata, labda sasa hivi kidole cha jirani yake kingekuwa kimejifunza kazi na ningekuwa nakata kola. Labda sivyo. Sina namna ya kujua, kwa sababu kidole kile nilikuwa nacho kimoja tu.

Akasema hata yeye hajui. Akaniambia nirudi baada ya mwezi nimuonyeshe kola, na akamuambia sista aite mugonjwa mwingine.